Januari Wisconsin: Kutafuta Ndege Maziwa Yakiwa Barafu

Jumamosi, Madison

Mji wa Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, umekaa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya maziwa mawili, Mendota upande mmoja na Monona upande wa pili. Sasa hivi yote mawili yameganda, na theluji imelala juu ya barafu hadi huwezi kujua ufuo unaishia wapi na ziwa linaanzia wapi. Dada yangu anaishi hapa na mumewe, mwenyeji aliyezaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kaskazini ya mji, aliyejifunza Kiswahili Chuo Kikuu cha Wisconsin. Kazi yangu Arusha ni kuwatembeza wageni watazama ndege, Manyara na Tarangire. Wiki hii shemeji ndiye ananitembeza mimi.

Hatukwenda mbali leo. Nje ya dirisha la jikoni dada ametundika kisanduku cha mbegu za alizeti, na asubuhi nzima nilikaa mbele yake na chai mkononi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 17 chini ya sifuri. Mteja mkubwa wa kisanduku ni ndege mdogo mwenye kofia nyeusi na koo jeusi, anayeitwa chikadii kwa sababu ya mlio wake. Uzito wake ni gramu 11 au 12 hivi. Anakuja, anachukua mbegu moja, anaondoka. Haili pale pale. Nyingine anaila tawini akiwa ameibana kwa vidole, nyingine anaenda kuificha kwenye ufa wa gome, na anaweza kukumbuka maficho yake kwa majuma kadhaa.

Usiku ukiingia huacha joto la mwili wake lishuke kwa nyuzi 10 au zaidi ili asiunguze mafuta yote aliyokusanya mchana. Asubuhi mafuta yamekwisha, naye lazima aanze upya. Hesabu hiyo anaipiga kila siku ya majira haya, na siku akikosa hapati nafasi ya pili.

Shemeji akaniambia habari ya utafiti uliofanyika humu humu Wisconsin, wa Margaret Brittingham na Stanley Temple, uliochapishwa mwaka 1988. Walifuatilia chikadii waliokuwa na visanduku vya mbegu na wasiokuwa navyo. Wenye mbegu, asilimia 69 waliuvuka msimu wa baridi. Wasio nazo, asilimia 37. Na tofauti hiyo ilitokana hasa na miezi yenye baridi kali, ile yenye siku nyingi za chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Nimeandika takwimu hizo kwenye daftari langu na kuzipigia mstari, kwa sababu zinasema jambo ambalo sisi wa nchi za joto hatulioni kwa haraka. Tunadhani baridi ndiyo inayoua ndege. Ndege aliyeshiba, mwenye manyoya mazima, huivumilia baridi ya ajabu. Anayekufa ni mwenye njaa.

Jumapili, Mendota na mto Yahara

Wavuvi wapo katikati ya ziwa. Wameketi juu ya ndoo, mbele ya matundu waliyotoboa kwenye barafu, wengine ndani ya vibanda vya turubai. Nilipokanyaga barafu mara ya kwanza nilisikia mngurumo mrefu ukipita chini ya miguu, kutoka upande wa chuo hadi mbali upande wa pili. Shemeji akanituliza: barafu inatanuka na kusinyaa, na inapokuwa nene hupiga kelele hivyo hivyo.

Watu wa Madison wameandika tarehe za kuganda na kuyeyuka kwa Mendota tangu miaka ya 1850. Msimu wa 1880–81 barafu ilikaa siku 161. Msimu wa 2001–02 ilikaa siku 21 tu. Katikati ya miaka hiyo kuna kupanda na kushuka, lakini mwelekeo uko wazi: kwa wastani ziwa limepoteza karibu mwezi mzima wa barafu. Kwa mtazama ndege hilo si jambo la pembeni. Mendota ni pana na lina kina cha mita 25, kwa hiyo huganda baada ya Monona, na kila wiki ambayo maji yanabaki wazi ni wiki ambayo mabata na mabata maji weupe wa kaskazini hawana haja ya kuondoka. Shemeji anasema hata makorongo wa kijivu, ambao utotoni mwake walikuwa wametoweka kabisa ifikapo Krismasi, siku hizi wengine hushinda kusini mwa jimbo msimu mzima.

Katikati ya ziwa hapakuwa na ndege hata mmoja, ila kunguru wawili waliokuwa wakisubiri wavuvi wawatupie samaki wadogo. Ndege walikuwa kwenye Yahara, mto mfupi unaotoa maji Mendota kuyapeleka Monona. Pale bustani ya Tenney, chini ya lango la kupitishia mashua, maji yanakwenda kwa nguvu na hayagandi. Kipande chenyewe si kikubwa, na mabata wamejazana humo bega kwa bega.

Wengi ni bata wa kawaida wenye vichwa vya kijani. Lakini pembeni, mahali maji yana kina, walikuwa bata jicho-dhahabu, na hao ndio walionifanya nisahau vidole vyangu. Dume ni mweusi na mweupe, kichwa chenye mng'ao wa kijani, na doa jeupe la duara kati ya mdomo na jicho. Ghafla hurusha kichwa nyuma mpaka kisogo kinagusa mgongo, mdomo umeelekea angani, na wakati huohuo hupiga maji teke kwa miguu yote miwili. Anaposa. Katikati ya Januari, barafu pande zote, wao wanachumbiana, kwa sababu hupata wenzi wao wakiwa bado ugenini, miezi mingi kabla ya kurudi kwenye mashimo ya miti ya misitu ya kaskazini wanakotaga.

Niliwatazama pia wale waliopanda juu ya barafu na kusimama bila kujali. Miguu mitupu. Ndani ya mguu wa bata mishipa inayoshusha damu ya moto imelala sambamba na ile inayopandisha damu baridi, hivyo joto huhamia kwenye damu inayorudi mwilini kabla halijafika unyayoni. Mguu unabaki baridi, karibu na baridi ya barafu yenyewe, na kinachopotea ni kidogo mno. Juu ya mgongo wa mmoja wao theluji ilikuwa imekaa haiyeyuki. Hiyo ni dalili njema: joto lake lote liko ndani.

Jumatatu

Theluji tangu alfajiri, na upepo. Barabara za vijijini hazipitiki. Tulikaa ndani tukiwasikiliza kigogota na kadinali wekundu wakigombea mbegu, na shemeji akanionyesha madaftari yake ya sensa ya ndege ya Krismasi.

Sensa hiyo ilianza siku ya Krismasi mwaka 1900. Zamani Wamarekani wengine walikuwa na desturi ya kutoka siku hiyo kwa makundi na kushindana nani ataua ndege na wanyama wengi zaidi. Mtaalamu wa ndege Frank Chapman akawataka watu wahesabu badala ya kuua. Mwaka ule wa kwanza walijitokeza watu 27. Sasa inafanywa na maelfu kwa maelfu, kila kundi katika duara lenye kipenyo cha kilomita 24, siku moja kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari. Natamani tungekuwa na kitu cha kudumu namna hiyo kwetu, cha watu wa kawaida, mwaka baada ya mwaka kwenye duara lilelile. Tunazo sensa za ndege wa maji, na wenzangu kadhaa hushiriki, lakini daftari la miaka mia na zaidi la kijiji kimoja hatuna.

Jumanne, mashamba ya Arlington

Anga limefunguka, buluu tupu, nyuzi 21 chini ya sifuri. Tulielekea kaskazini hadi wilaya ya Columbia ya hapa hapa Wisconsin, kwenye uwanda wa mashamba ya mahindi na soya kuzunguka kijiji cha Arlington. Miti ni michache. Maghala mekundu, silo, nguzo za umeme, na theluji hadi upeo wa macho.

“Shemeji, usishuke,” aliniambia niliposhika kitasa cha mlango. “Gari ndiyo maficho yetu. Ukisimama wima hapa, ndege wa kilomita nzima wanakuona.”

Namna ya kuwatafuta ndege wa mashambani alinifundisha hivi: usitafute ndege, tafuta samadi. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaposafisha mabanda husambaza samadi shambani hata wakati huu, na mstari huo mweusi juu ya theluji unaonekana kutoka mbali. Ndani yake mna punje za mahindi ambazo ng'ombe hakuzisaga. Kwa ndege aliyetoka Aktiki, ambaye chini yake mbegu zote zimefunikwa, hiyo ni karamu. Mahali pengine pa kutazama ni ukingo wa barabara, pale gari la kusukuma theluji limefunua udongo.

Mstari wa kwanza haukuwa na kitu. Wa pili ulikuwa unatembea. Nilipoweka darubini nikaona vipozamataza wenye pembe, hamsini au zaidi, rangi ya udongo mkavu, uso wa manjano wenye barakoa nyeusi. Ndugu zao wa jamii ya kipozamataza ninawafahamu vizuri kwenye nyika za kwetu, na mwendo ni uleule: hawarukiruki, wanatembea na kukimbia. Hawa hawana haraka ya kwenda kusini zaidi. Wengine wao watataga humu humu mashambani mwezi Machi, theluji ikiwa haijaisha.

Kati yao walikuwepo longispa wachache, wageni wa kutoka tundra, nyika baridi ya kaskazini isiyo na miti, wenye wekundu wa kutu kwenye bawa. Halafu, tukiwa tunabishana iwapo yule wa mwisho kushoto ni longispa au la, kundi la ndege wa theluji likanyanyuka nyuma ya mabua ya mahindi, mia mbili hivi, mabawa meupe yenye ncha nyeusi, likazunguka na kushuka kama unga unaopepetwa kwenye ungo. Walitua, wakala nusu dakika, wakanyanyuka tena bila sababu tuliyoiona, wakatua mita thelathini kutoka kwenye gari. Nikafungua kioo. Kuna mlio mfupi wanaoutoa wakiruka, kisha mluzi laini ulioshuka.

Wakati huu dume ana rangi ya kahawia mgongoni na kichwani. Kufika Mei, kule Aktiki, atakuwa mweupe na mweusi safi, lakini hatabadilisha manyoya. Ncha za kahawia husuguliwa zikaisha, naye husaidia kwa kujisugua kwenye theluji, mpaka weusi na weupe uliokuwa chini unajitokeza. Hununua vazi moja kwa mwaka na vazi hilo lina sura mbili. Katika ndege wote wa wiki hii, huyu ndiye ninayemheshimu zaidi, kwa kuwa madume hurudi Aktiki mapema mno, Aprili, kuwahi mipasuko mizuri ya miamba ya kujengea viota, wakati kule bado ni baridi kuliko hapa.

Mchana tulikula kwa mama yake shemeji. Nilimwamkia “Shikamoo, mama,” naye akajibu “Marahaba” kwa sauti kubwa, kwani mkwewe amemfundisha. Supu ya viazi na jibini, mkate wa moto. Akatuambia kuwa bundi mweupe ameonekana mara kadhaa jioni juu ya nguzo kando ya barabara ya magharibi.

Jumatano, bundi

Asubuhi nzima hatukumwona. Tulimwona shakivale mwenye miguu iliyovikwa manyoya hadi vidoleni, akielea dhidi ya upepo juu ya shamba moja, kichwa kimetulia kabisa huku mabawa yakifanya kazi. Yeye pia ni wa Aktiki, na hapa anatafuta panya-shamba. Tulipita Goose Pond, bwawa la hifadhi ambalo Novemba hujaa mabata maji weupe wanaosafiri kutoka kaskazini. Leo lilikuwa barafu tupu.

Saa kumi kasorobo shemeji alisimamisha gari polepole. Kwenye shamba upande wa kulia, mbali, kulikuwa na bonge la theluji lililokuwa na macho.

Tuliweka darubini ya miguu mitatu ndani ya gari, dirishani, injini imezimwa. Jike, pengine mchanga, kwa jinsi alivyokuwa na mistari mingi ya kijivu kifuani. Dume mzee huwa karibu mweupe mtupu. Macho yalikuwa yamefumba hadi kuwa mifereji miwili myembamba. Kila baada ya dakika chache aligeuza kichwa, akautazama uwanda, akafumba tena. Bundi huyu huwinda mchana pia, kwa sababu kiangazi cha kwao hakina usiku.

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba bundi weupe wanaposhuka kusini kwa wingi ni kwa sababu ya njaa. Msimu wa 2013–14 walikuja kwa idadi ambayo haijaonekana kwa miongo mingi mashariki mwa Amerika Kaskazini, na wengi waliopimwa walikuwa na afya nzuri. Sababu ilikuwa kinyume: kiangazi kilichotangulia, kaskazini mwa Quebec, kulikuwa na panya-lemingi wengi mno, na panya wakiwa wengi jike hutaga mayai mengi. Makinda yakakua, na vijana hao ndio walioshuka. Yaani tunaona bundi wengi kwa sababu ya shibe. Msimu huohuo ulizaa mradi uitwao Project SNOWstorm, unaowavisha bundi vifaa vidogo vinavyotumia nguvu ya jua na kutuma taarifa kupitia minara ya simu. Bundi akirudi Aktiki pasipo mtandao, kifaa hutunza safari yake yote na kuituma akirejea. Wisconsin imo, na bundi wamevishwa vifaa hapa hapa kwenye mashamba ya Arlington. Kwa njia hiyo ilionekana kwamba baadhi yao hukaa majuma juu ya barafu ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, wakiwinda ndege wa maji kwenye nyufa.

Gari jingine lilifika. Kijana mwenye kamera kubwa akashuka na kuanza kutembea shambani kumwendea. Shemeji alishuka, akamwita kwa upole, wakazungumza, kijana akarudi. Nilifurahi sana. Bundi anayefukuzwa mara tano kwa siku na wapiga picha hupoteza nguvu alizopaswa kutumia kuwinda, na hurukia barabarani mbele ya magari. Wapo pia wanaowarushia panya wa kununuliwa ili wapate picha akiruka, na hivyo kumfundisha kwamba watu na magari ni chakula. Huko kwetu tunajua simba anayezoea magari anavyobadilika. Umoja wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, ulimweka bundi huyu kwenye kundi la walio hatarini mwaka 2017. Nitakaa ndani ya gari, asante.

Jua lilipokaribia kuzama alifumbua macho yote mawili, manjano, akajinyoosha bawa moja na mguu mmoja, akaondoka chini chini juu ya theluji hadi nguzo ya umeme ya mbali.

Alhamisi, Prairie du Sac

Hapa mto Wisconsin umezibwa na bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1914. Juu ya bwawa barafu. Chini yake maji yanayotoka kwenye mitambo yanachemka kwa kasi na hayagandi, na samaki waliopita mle hutoka wakiwa wamelegea. Tai wenye vichwa vyeupe wanajua. Tulihesabu 23 kwa mtazamo mmoja, wamekaa kwenye miti isiyo na majani upande wa pili, wakubwa kwa wadogo. Wadogo ni kahawia wote. Kichwa na mkia huwa vyeupe kabisa wakitimiza miaka mitano hivi.

Ni jamaa wa karibu wa furukombe wetu, na mtindo wa kuvua ni uleule: kushuka kwa mteremko mrefu, miguu mbele, kunyakua. Ila sauti! Furukombe wa Naivasha akiita ziwa zima linasikia. Huyu mwenzake mkubwa hutoa vilio vyembamba vya kukatika.

Mwaka 1973 jimbo hili lilikuwa na jozi 108 tu za tai waliojenga viota. Leo ni zaidi ya 1,500. Kilichowaangusha ni DDT, dawa ya kuua wadudu, iliyofanya maganda ya mayai kuwa mepesi hadi yakavunjika chini ya mama, na mmoja wa waliothibitisha hilo alikuwa profesa wa Madison, Joseph Hickey, mwanafunzi wa mwanauhifadhi maarufu Aldo Leopold. Wisconsin ilipiga marufuku dawa hiyo mwaka 1970, nchi nzima ikafuata 1972. Nimesimama kwenye ukingo huu nikiwatazama ndege ambao mtoto wa shemeji anawaona wa kawaida, na babu yake pengine aliishi miaka mingi bila kumwona hata mmoja.

Lakini bado wanaletwa kwenye vituo vya tiba wakiwa na sumu ya risasi, ile metali nzito ya kutengenezea risasi za bunduki. Mwezi Novemba ni msimu wa kuwinda kulungu. Wawindaji huacha matumbo msituni, ndani yake vipande vidogo vya risasi, na tai hula mizoga. Kipande kidogo kinatosha kumuua. Risasi za bunduki za shaba zipo na zinaua kulungu vilevile. Hapa sioni ubishi wowote wenye maana.

Ijumaa

Siku ya kupumzika. Njiani kwenda dukani, batamzinga pori kumi na wawili kwenye mabua ya mahindi. Walikuwa wametoweka jimboni karne ya 19, wakarudishwa kuanzia 1976 kutoka Missouri, na Wisconsin ikalipa kwa kwale wa msituni.

Jumamosi, Milwaukee

Mwendo wa saa moja na nusu hivi mashariki, na ghafla maji yasiyo na mwisho. Ziwa Michigan ni nadra sana kuganda lote, na wale waliofukuzwa na barafu ya maziwa madogo wengi wako hapa. Upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote. Bandarini mawe yote yalikuwa yamevikwa barafu nene.

Mamia ya bata walikuwa wakizama na kuibuka: jicho-dhahabu, bata wenye midomo ya buluu, na mbali zaidi bata mkia-mrefu, ambaye anaweza kuzama hadi mita 60. Chakula chao kikubwa hapa ni kome wadogo waliotoka Ulaya Mashariki ndani ya maji ya meli na kugunduliwa kwenye Maziwa Makuu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Kome hao wameharibu mengi humu ziwani, na hao hao wamekuwa akiba ya mabata.

Kazi ilikuwa kuwahesabu. Nusu yao huwa chini ya maji wakati wowote, na mawimbi yanaficha waliobaki. Shemeji alisema 340, mimi 410. Tukarudia, kila mmoja akianza upande wake, yeye kutoka mnara wa taa na mimi kutoka gatini, tukakutana kwenye boya jekundu na kujumlisha: 385. Namba hiyo ndiyo tuliyoiweka kwenye eBird, daftari la mtandaoni la watazama ndege, kabla ya kuwasha gari.